Jibu la Saa Nane na Robo

Uyole, Mbeya
11 Novemba 1974

Seni wangu, Ngosha wangu wa Kisukuma,

Leo ni siku ya kumi na sita tangu niwe mke wako, na hesabu ya siku naishika mwenyewe, asinisaidie mtu. Bwana Jailos, mkuu wangu hapa, ananicheka. Asubuhi ananikuta nimeshafuta mashine vumbi, nimeshachana nywele mara ya pili, anasema, "Bi harusi, hiyo teleprinta haina macho." Nikamjibu, "Inayo, mzee, ila yako Iringa." Akacheka mpaka akashika kiuno.

Mama kule Usangu aliniuliza kazi yangu mpya ni ya namna gani. Nikamwambia nakaa mbele ya mashine kama ile ya kupigia chapa, nikigonga herufi hapa ofisi ya mbegu Uyole zinajiandika ofisini kwa mume wangu Iringa papo hapo, naye akigonga kule zinajiandika kwangu. Akauliza, "Na mikono yake unaiona?" Nikasema siioni, lakini naijua.

Najua maneno ya mapenzi kwenye waya ni marufuku. Nakala ya kaboni inabaki, na Bwana Eliezeri, mkuu wako, anaisoma kila jioni kama gazeti. Lakini nani amekataza kuuliza? Kila siku saa mbili kamili nabonyeza kile kitufe cha kuuliza "nani wewe", na kabla sijainua kidole unanijibu: MBEGU IRINGA. Maneno mawili tu, na siku yangu imenyooka! Ijumaa basi la kutoka Iyunga lilipata pancha, nikauliza saa tatu kasorobo, nawe ukajibu hapo hapo, hata pumzi hujavuta. Seni, wewe huendi chai? Huendi hata uani? Wasichana niliosoma nao wakijua nina mume anayekaa mkono juu ya mashine akinisubiri, watakufa kwa wivu, na mimi sitawazika.

Barua ya kuomba uhamisho nimeichapa mwenyewe, nakala tatu, haina kosa hata moja. Nikifika Iringa sitaki waya tena. Nataka kukuuliza swali nikiwa nimekukalia karibu.

Wako anayekuuliza kila asubuhi,
Nyamizi


Iringa
15 Novemba 1974

Mke wangu Nyamizi,

Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne nikiwa nimesimama ghalani katikati ya magunia, wapagazi wakinisemesha nami sisikii. Siku hizi nafanya kazi mbili, waya na stoo, kwa sababu mtunza ghala amechukuliwa kwenda kusaidia kuhamisha watu kwenye vijiji vipya. Hapa hakuna mwingine anayeijua mashine.

Kuhusu ile saa mbili asubuhi, nafurahi kwamba inakufurahisha. Kuna jambo la hiyo mashine nilitakiwa kukueleza mwezi wa nane nilipokuja kukufundisha. Siku mbili hazikutosha, na sehemu kubwa ya siku hizo nilikuwa nakutazama wewe. Tutaongea tukiwa pamoja, si jambo la kuandika.

Kwa sasa shika hili moja. Ukituma kazi ya ofisi usiondoke kitini mpaka uone herufi za jina langu, SM, mwishoni. Hiyo ndiyo sahihi yangu. Nakuomba sana.

Kuna habari nzuri hapa mjini inayotuhusu sisi wawili. Siisemi. Niache nikushangaze.

Mumeo,
Seni Maganga


Uyole
20 Novemba 1974

Seni wangu,

Tumeokoa watu! Naandika kwa haraka, usicheke mwandiko.

Jana saa nane mchana Bwana Jailos alitoka ghalani uso umekuwa kama majivu. Alikuwa amehesabu magunia ya mbegu akakuta kumi na mawili hayapo. Yale mahindi mekundu, yaliyopakwa dawa ya wadudu! Yamepakiwa kwa makosa kwenye lori la dereva Yotamu lililoondoka alfajiri na chakula cha njaa cha kijiji kimoja kipya upande wa Iringa. Wapagazi walichukua kutoka rundo la pembeni, magunia yote sura moja.

"Nyamizi, wakiyala yatawaua," akasema. "Yotamu lazima apite Iringa kusainiwa karatasi. Mwambie mumeo amzuie hapo hapo."

Tulijaribu simu, opareta wa mjini akasema tupange foleni, masaa matatu. Nikakimbilia kwako. Saa nane na robo nikabonyeza kitufe, ukajibu: MBEGU IRINGA. Nikagonga: ZUIA LORI LA YOTAMU. MAGUNIA KUMI NA MAWILI NI MBEGU YENYE SUMU. YASITOKE GHALANI KWAKO. Nikabonyeza tena kuhakikisha. MBEGU IRINGA.

"Amejibu?" Bwana Jailos akauliza.

"Amejibu, mzee. Mara mbili."

"Basi njoo tuhesabu upya, twende!"

Herufi zako sikuzingoja, nisamehe. Alinivuta mkono, na mimi nilikuwa nimeshakuona upo. Ningengoja nini tena? Usiku nililala nikijisemea, mume wangu amesimama mbele ya lori.

Leo asubuhi nimekuuliza, umejibu kama kawaida. Nikagonga: LORI? Hukuandika kitu. Nikajua una watu ofisini wanakupongeza. Lakini Seni, niandikie neno moja tu. Bwana Jailos kila baada ya robo saa anachungulia mlangoni, na mimi sasa nimeanza kuwa kama yeye.

Mkeo,
Nyamizi


Iringa
24 Novemba 1974

Nyamizi,

Lori halikuzuiwa. Lilifika kwangu saa tisa na nusu, nikasaini karatasi za Yotamu kama kawaida, akaenda.

Kule kijijini waliiona rangi. Wakaiosha. Waliosha mara tatu mpaka maji yakawa meupe, wakaamini dawa imekwisha, wakatwanga, wakapika usiku ule ule. Watu ishirini na watatu wako hospitali. Hakuna aliyekufa mpaka leo naandika. Tarehe ishirini nilikuwa huko tangu alfajiri na Bwana Eliezeri, tukikusanya yaliyobaki nyumba kwa nyumba. Kuna mama alinificha sahani yenye ugali chini ya kanga, akidhani tumekuja kuwanyang'anya chakula. Ugali ule ulikuwa na wekundu kidogo, kama uso wa mtu aliyeona haya.

Nimesimamishwa kazi. Kamati itakaa tarehe 12 Desemba.

Wakikuuliza, sema unachokijua. Usiongeze, usipunguze. Na usijilaumu hata kidogo.

Seni


Uyole
28 Novemba 1974

Mume wangu,

Nimeandika hii barua mara tatu na kuichana. Hii ya nne itakwenda hata kama ina matusi.

Jana waliniita. Katibu wa kamati alikuja kutoka Iringa na mkoba wake, akaiweka mbele yangu nakala ya kaboni ya tarehe 19, aliyoitoa kwenye faili letu hapa.

"Hii ni kazi yako?"

"Ndiyo, ndugu katibu."

"Na haya maneno, MBEGU IRINGA, juu na chini ya ujumbe, yameandikwa na nani?"

"Na mume wangu."

"Una hakika?"

"Ananijibu kila siku. Namjua."

Akaandika, akanipa nikasaini. Nilipokuwa nasaini nilijiona nakutetea, nawaonyesha kwamba hukuwa mzembe, ulikuwa kwenye kiti chako. Alipoondoka ndipo Bwana Jailos akafunga mlango, akaniambia taratibu, "Mwanangu, umeelewa ulichokisaini? Umesema mumeo aliisoma amri saa nane na robo, na saa tisa na nusu akaliachia lori. Huo si uzembe. Watasema alikusudia. Hiyo ni polisi."

Seni, ulinijibu. Mara mbili ulinijibu! Kisha ukafanya nini?

Na kuna jambo lingine, naliandika kwa sababu linanila. Yotamu amerudi. Nikamuuliza, akasema, "Shemeji, mimi sipendi maneno. Lakini nilipofika ofisi ilikuwa imefungwa. Nilikaa kwenye ngazi kama dakika kumi hivi. Mumeo akaja anakimbia kutoka mtaa wa Mlandege, jasho, shati limetoka nje."

Mlandege kuna nani? Siku thelathini na tatu za ndoa, Seni, na ninauliza swali hilo. Sikujua kama mdomo wangu unaweza kulitamka. Ulikuwa kwenye mashine au ulikuwa Mlandege? Huwezi kuwa kote kuwili. Mojawapo ni uongo, na sijui nitamani upi.

Nyamizi


Iringa
3 Desemba 1974

Mke wangu,

Nimekiri. Nimemwambia Bwana Eliezeri kwamba niliusoma ujumbe wako, nikauweka kando nimalize kazi nyingine, nikasahau. Tarehe 12 nitayasema hayo hayo mbele ya kamati na itakuwa imekwisha. Wanataja miaka miwili jela. Wengine wanasema ikiwa wagonjwa wote watapona itapungua.

Maelezo yako yaache yalivyo. Usije Iringa. Usiandike kwa kamati. Hili nakuomba kama mumeo, na kama halitoshi nakuomba kama mtu aliyekupenda kabla hajaijua sauti yako.

Mlandege hakuna mwanamke. Kuna bibi wa miaka sabini anaitwa Mwanakhamisi, na zaidi ya hapo sisemi, kwa sababu halina faida tena.

Wagonjwa kumi na tisa wameruhusiwa. Wanne bado.

Seni


Uyole
9 Desemba 1974

Seni,

Leo ni Sikukuu ya Uhuru. Watu wote wako mjini uwanjani, ngoma zinasikika mpaka huku. Bwana Jailos aliniomba nije ofisini asubuhi kumchapia maelezo yake ya kamati, akaniachia ufunguo, akaenda kuangalia gwaride na watoto wake.

Nilichapa kurasa mbili nikashindwa. Nikaikalia mashine yetu. Tangu usimamishwe sijaigusa, kazi zote tunapeleka kwa madereva. Sikuwa na akili yoyote, nilikuwa na upweke tu. Nikajua hupo, ofisi yenu imefungwa, ufunguo ameuchukua Bwana Eliezeri, leo hata mlinzi amepewa mapumziko. Nikabonyeza kitufe kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Ikajibu. MBEGU IRINGA.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikabonyeza tena. MBEGU IRINGA. Nikabonyeza mara kumi na moja, Seni. Mara kumi na moja ilijibu, kwa mwendo ule ule, bila kosa, bila kuchoka, bila hata pumzi. Mtu hajibu hivyo. Mtu anakosea herufi, anachelewa, anakwenda uani.

Nikarudisha akilini siku zote. Ile Ijumaa ya pancha. Tarehe ishirini ulipokuwa kijijini na mimi nikaandika LORI nikapata kimya. Na tarehe kumi na tisa, saa nane na robo.

Inajijibu yenyewe. Imetengenezwa hivyo, ikiulizwa jina inataja jina, awepo mtu asiwepo. Hukuwepo. Hukuusoma ujumbe wowote. Umekiri jambo ambalo hukulifanya, kwa sababu ukisema kweli swali la pili litakuwa: nani aliyetuma amri ya kuokoa watu akaondoka bila kungoja herufi za mpokeaji? Ni mimi. Ulitaka kukaa jela miaka miwili ili nisiulizwe swali hilo!

Sijui kama nilie au nikupige. Vyote viwili havifiki Iringa.

Yotamu anaondoka kesho alfajiri. Atakuwa na barua mbili mkononi, hii yako na nyingine ya kamati. Umenikataza kuandika kwa kamati. Nimekusikia, na nimeandika.

Nyamizi


Uyole
9 Desemba 1974

Kwa Ndugu Katibu,
Kamati ya Uchunguzi, Iringa

Mimi, Nyamizi Nkuba, karani wa chapa na waya, nafuta maelezo niliyosaini tarehe 27 Novemba. Nilisema mume wangu alinijibu. Nilisema hivyo kwa kuamini, si kwa kujua.

Maneno MBEGU IRINGA hutolewa na mashine yenyewe ikiulizwa. Hayaonyeshi kwamba mtu yupo. Kinachoonyesha ni herufi za jina la mpokeaji, na kwenye nakala yangu ya tarehe 19 herufi hizo hazipo. Nilipaswa kuzingoja. Nilikuwa nimeagizwa kwa barua. Sikuzingoja.

Naomba kamati isiniamini kwa maneno. Tarehe 12, saa nne kamili asubuhi, wajumbe wote na Seni Maganga wasimame nje ya ofisi ya Iringa, mlango umefungwa kwa ufunguo. Mimi nitabonyeza kitufe hapa Uyole mbele ya Ndugu Jailos. Sikilizeni.

Nyamizi Nkuba


Iringa
14 Desemba 1974

Nyamizi, mke wangu,

Kwa nini umefanya hivi? Nilikukataza. Sasa nakuandikia nikiwa mtu huru, na nimekukasirikia, na nimebusu ile karatasi yako mpaka wino umefifia.

Saa nne kasoro dakika tano tulisimama barazani watu saba. Bwana Eliezeri alifunga mlango, ufunguo akautia mfukoni, akaushikilia na mkono ndani kama anaogopa utatoroka. Mjumbe mmoja akasema, "Tumekuja kusikiliza ukuta?" Wengine wakacheka. Kisha ndani ikaanza kugonga. Tak tak tak, halafu kimya. Tak tak tak, kimya. Bwana Eliezeri alikuwa wa kwanza kuchungulia dirishani, mkono juu ya macho. Kiti changu kitupu, karatasi inapanda. Akageuka, akanitazama. "Kumbe," alisema, "na mimi nasoma majibu haya kila jioni nikidhani ni yako."

Waliponiuliza upya nilisema yote. Siku ile niliondoka saa nane bila ruhusa. Niliporudi nilikuta karatasi imekwama, mashine imegonga ujumbe wako wote juu ya mstari mmoja, umekuwa mweusi kama lami, hausomeki. Nilitakiwa kukuambia urudie. Lakini Yotamu alikuwa ananingoja, na nikiuliza Uyole ingejulikana sikuwepo. Nikaichana, nikaitupa. Hilo ndilo kosa langu, Nyamizi, na ni kubwa kuliko unavyolisema wewe.

Polisi hawataitwa. Nimepewa onyo la maandishi, nimeondolewa kwenye waya, nabaki stoo. Wagonjwa wawili tu wamebaki hospitali, mmoja ni mzee ambaye bado haoni vizuri. Jana nilikwenda kumsalimia nikajitaja jina. Akaniambia nimsogezee maji.

Sasa Mlandege. Bi Mwanakhamisi ana chumba cha kupangisha, na saa nane siku ile nilikuwa nayapima madirisha kwa kamba, ili ushone mapazia kabla hujafika. Ni mawili. Moja linatazama mlima, upana wake mikono miwili na shubiri. Lingine ni dogo, liko juu ya mahali ambapo nimefikiria tuweke meza. Nilisimama hapo nikikuwazia umekaa unaandika, nikasahau saa. Bi Mwanakhamisi akasema, "Baba, unapima dirisha au unalioa?" Chumba bado ananishikia.

Mengine tutaongea.

Mumeo,
Seni


Uyole
17 Desemba 1974

Seni,

Barua yako imefika pamoja na ile ya ofisi. Nimeondolewa kwenye mashine, nimerudi kuchapa. Uhamisho wangu umefutwa, niombe tena baada ya mwaka. Bwana Jailos alinisomea mwenyewe, miwani imeshuka puani, akasema, "Pole, mwanangu," na kwa mara ya kwanza hakuniita bi harusi. Kwa hiyo hicho chumba utakaa peke yako na madirisha yako mawili. Ningejua hivyo, ningeacha kuandika? Hapana. Ningeandika vile vile.

Lakini sasa nisikilize. Umeniandikia mlima, shubiri, mahali pa meza. Kuhusu kitufe umeandika maneno mawili: mengine tutaongea.

Katibu aliponihoji baada ya lile jaribio aliniuliza, "Nani alikufundisha mashine?"

"Mume wangu."

"Hakukuambia kwamba inajijibu?"

"Hakuniambia."

"Kwa nini?"

Yote mengine niliyajibu bila kumeza mate. Hilo lilinishinda. Mwisho nikasema, "Nitamuuliza." Akaandika. Iko kwenye faili la serikali, Seni: shahidi anasema atamuuliza.

Ulisoma barua yangu ya furaha mara nne. Nilikwambia unajibu hata pumzi hujavuta, nilikwambia wenzangu watakufa kwa wivu. Ulijua naongea na chuma. Uliniacha kwa sababu nilikuwa nimefurahi, au kwa sababu wewe ulikuwa umefurahi kufikiriwa hivyo? Ungeniandikia mstari mmoja tu, "Nyamizi, si mimi," ningelia siku mbili, na tarehe kumi na tisa ningezingoja zile SM hata Bwana Jailos angening'oa mkono. Yule mzee wa hospitali angekuwa anaona.

Nimekutoa kwenye mahakama. Kukusamehe ni kazi nyingine, na hiyo kamati haiwezi kunifanyia. Nakupenda, tena vibaya, na ndiyo maana sitaki jibu la karatasi. Karatasi zimetosha. Nataka uliseme huku nakutazama, na ukinyamaza nione umenyamaza.

Nimeomba siku mbili, nimepewa. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi, litafika Iringa saa tisa. Uwepo stendi.

Mkeo,
Nyamizi